Upasuaji wa Kupunguza Uzito Nje ya Nchi: Nani Atakuhudumia Siku ya Kumi?

Kliniki za kisukari na za upasuaji hapa nchini sasa huulizwa swali ambalo miaka kumi na tano iliyopita lilikuwa nadra: je, mgonjwa asafiri kwenda Uturuki, India au kwingineko akafanyiwe upasuaji wa kupunguza uzito? Swali lina msingi. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, na kwa wakazi wa mijini hali ilikuwa nzito zaidi. Wengi wao wamejaribu kufunga, kutembea na kuacha wanga, wakapungua kilo kumi na kuzirudisha kumi na mbili.

Makala hii haikusudii kumkataza mtu safari. Upasuaji huu, kwa mgonjwa anayestahili, ni tiba ya kweli. Hupunguza takriban robo ya uzito wote wa mwili, wakati mwingine zaidi, katika mwaka mmoja hadi miwili ya mwanzo. Wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili hupunguziwa dawa au kuziacha kabisa kwa muda. Na utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza 1987 ulionyesha, katika matokeo yaliyochapishwa 2007, kuwa waliofanyiwa upasuaji walikuwa na vifo vichache kuliko wenzao wa uzito kama wao waliopewa matibabu ya kawaida. Katika hospitali zenye uzoefu, kifo ndani ya siku thelathini hutokea kwa takriban mtu mmoja kati ya elfu moja. Daktari afanyaye upasuaji huu kila siku hupata madhara machache kuliko yule afanyaye mara chache kwa mwaka. Kwa hiyo mgonjwa anayefuata mkono wenye uzoefu nje ya mipaka hafanyi upuuzi.

Hoja yetu ni nyingine. Wanaopima hatari za safari hii aghalabu hukitazama chumba cha upasuaji peke yake. Huuliza kama hospitali ni ya kisasa, kama daktari ni mahiri, kama picha za waliotangulia zinavutia. Lakini sehemu kubwa ya madhara haitokei juu ya meza ya upasuaji. Hutokea baada ya mgonjwa kuruhusiwa, yaani, kwa msafiri, baada ya kushuka kwenye ndege na kufika nyumbani.

Ili kulielewa hilo yafaa kujua kinachofanyika ndani ya tumbo. Upasuaji unaofanyika zaidi duniani kwa sasa ni ule wa kukata mfuko wa chakula. Daktari hupitisha kamera na vifaa vyake katika matundu madogo, huondoa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko huo, na kinachobaki huwa bomba jembamba mfano wa ndizi. Ukingo wa bomba hilo hufungwa kwa mstari mrefu wa pini ndogo za metali, zinazofanya kazi kama zile za kubania karatasi. Aina ya pili ni mchepuko: hutengenezwa kifuko kidogo sana, kisha utumbo mwembamba huunganishwa nacho ili chakula kiruke sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Ule wa kwanza haurudishiki, kilichokatwa kimetupwa.

Mstari wa pini ukiachia mahali hata padogo kama kichwa cha kiberiti, asidi na chakula huvuja ndani ya tumbo. Katika mikono mizuri jambo hili hutokea kwa mgonjwa mmoja au wawili kati ya mia moja. Uvujaji mwingi hujitokeza baada ya mgonjwa kutoka hospitalini, mara nyingi kati ya siku ya tano na wiki ya pili. Vifurushi vingi vinavyouzwa na mawakala vina usiku mitatu hadi mitano wa kulala, hospitali na hoteli pamoja. Msomaji afanye hesabu mwenyewe.

Tuchukue mfano wa kubuni, ambao hata hivyo mhudumu wa idara ya dharura hataona ugeni wake. Mama wa miaka 41 anafanyiwa upasuaji ng'ambo siku ya Jumatatu, anaruhusiwa Alhamisi, anapanda ndege Jumamosi. Alhamisi ya wiki inayofuata, siku ya kumi, anafika kituo cha afya na homa kidogo, maumivu yanayopanda bega la kushoto, na wasiwasi asioweza kuueleza. Tumbo lake ni laini. Kipimo cha malaria hakionyeshi vimelea. Anapewa dawa ya vidonda vya tumbo na vidonge vya antibiotiki, anaambiwa arudi baada ya siku tatu. Kwenye kadi yake yameandikwa mapigo ya moyo 124 kwa dakika, na hakuna aliyeyatilia maanani.

Mapigo hayo ndiyo habari yote. Kwa mtu mwenye mwili mkubwa, tumbo linaweza kubaki laini huku ndani mna usaha. Ishara ya mwanzo, na mara nyingine ya pekee, ni moyo kwenda mbio. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji huu ndani ya wiki za karibuni, ambaye mapigo yake yanazidi 120, achukuliwe kuwa anavuja au ana donge la damu kwenye mapafu hadi ithibitike vinginevyo. Asile wala asinywe, awekewe dripu, aanziwe antibiotiki ya mshipani baada ya damu kuchukuliwa kwa ajili ya kuotesha vimelea, apelekwe haraka kwenye hospitali yenye CT skani na daktari bingwa wa upasuaji. Mpira wa puani usisukumwe tumboni bila ushauri wa daktari huyo, kwa kuwa unaweza kuutoboa mshono mbichi. Kusubiri siku tatu hapa kunaweza kuugeuza uvujaji unaotibika kuwa miezi miwili ya chumba cha uangalizi maalumu.

Nimelitaja donge la damu. Unene wenyewe, upasuaji, upungufu wa maji mwilini na kukaa bila kusogea, kila kimoja huigandisha damu katika mishipa ya miguu. Safari ya ndege ya saa saba kutoka Istanbul hadi Dar es Salaam, siku tano baada ya kukatwa, huvikusanya vyote vinne kwenye kiti kimoja. Madonge mengi hutokea nyumbani, katika mwezi wa kwanza. Ndiyo maana wagonjwa wengi walio kwenye hatari kubwa huhitaji sindano za kuzuia damu kuganda kwa wiki kadhaa baada ya kutoka hospitali. Anayerudi nazo mkobani bila barua wala maelezo mara nyingi huziacha baada ya siku mbili, kwa kuwa hana wa kumchoma.

Lipo jambo jingine linalonihofisha zaidi, kwa sababu huja polepole na wengi wetu hatukulifundishwa kwa kina. Mgonjwa anayetapika mfululizo kwa wiki mbili au tatu baada ya upasuaji huishiwa vitamini B1. Akiba ya mwili ni ndogo, hutosha wiki chache tu. Huanza kuona vitu viwili viwili, kuyumba anapotembea, kisha kuchanganyikiwa. Akifika kwetu amekaukiwa maji, mkono wetu huenda moja kwa moja kwenye dripu ya sukari, na hapo ndipo tunapoweza kumdhuru: sukari hula B1 kidogo iliyosalia na ubongo huumia, pengine kwa kudumu. B1 ya sindano itangulie, au angalau iende sambamba na dripu hiyo. Dawa hii haina bei kubwa. Inachohitaji ni mtu wa kuikumbuka.

Kuhusu dawa nyingine, mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi anaweza kushuka sukari vibaya ndani ya siku chache tu, maana anakula vijiko vichache; dozi ipangwe upya kabla hajasafiri, isingoje arudi. Dawa za shinikizo la damu nazo hupungua mahitaji, hasa zile za kukojoza. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kwetu hununuliwa dukani kama karanga, huleta vidonda kwenye maungio ya mchepuko, na vidonda hivyo hutoboka au kuvuja damu. Anayetumia dawa za VVU aina ya TLD asizimeze pamoja na vidonge vya kalsiamu au madini ya chuma akiwa na tumbo tupu, kwa kuwa hivyo huzuia dawa kuingia mwilini: ameze TLD saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Mwanamke aliyefanyiwa mchepuko asitegemee vidonge vya uzazi wa mpango. Achague kipandikizi, kitanzi au sindano, na aahirishe ujauzito kwa miezi 12 hadi 18.

Mataifa mengine yameanza kuhesabu gharama za safari hizi. Serikali ya Uingereza, katika ushauri wake kwa wasafiri, imetaja zaidi ya raia wake 20 waliofariki Uturuki tangu Januari 2019 baada ya matibabu waliyoyafuata huko, yakiwamo ya kupunguza uzito na ya urembo. Mwezi huohuo wa Januari 2019 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilitoa tahadhari kuhusu wagonjwa waliorudi kutoka mji wa Tijuana, Mexico, wengi wao baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, wakiwa na bakteria aina ya Pseudomonas sugu hata kwa antibiotiki za kundi la karbapenemu, ambazo kwa hospitali nyingi ndizo tegemeo la mwisho. Mwanzoni mwa 2023, watu zaidi ya 60 katika Uturuki, Ujerumani na nchi jirani walipata botulizimu, sumu inayopooza misuli, baada ya kuchomwa dawa ya botulinumu kwenye ukuta wa mfuko wa chakula ili washibe upesi. Huo haukuwa upasuaji hata kidogo; uliuzwa kama njia nyepesi isiyo na kisu. Kwa mhudumu, fundisho ni la moja kwa moja: mgonjwa aliyelazwa nje ya nchi aulizwe alilazwa wapi, sampuli zichukuliwe kabla ya kubadilisha antibiotiki, na atengwe na wengine hadi majibu yatoke.

Haya yasimfanye kila mtu abaki nyumbani. Mtu mwenye uwiano wa uzito na urefu wa 48, mwenye kisukari na anayekatikiwa pumzi usingizini, ana hatari kubwa zaidi kwa kubaki alivyo. Miongozo ya kimataifa ya 2022 inapendekeza upasuaji kuanzia uwiano wa 35, au 30 kwa mwenye ugonjwa kama kisukari usiodhibitika kwa tiba nyingine. Kwa mtu wa sentimita 165, uwiano wa 35 ni takriban kilo 95. Aliye na kilo 78 na harusi mwezi ujao hastahili kukatwa mfuko wa chakula popote duniani, na kliniki itakayomkubali kwa kuangalia picha zake za simu tu imekwisha kujieleza ni kliniki ya namna gani.

Kwa anayestahili, maandalizi yaanzie hapa. Apate kwanza daktari wa nyumbani, bingwa wa upasuaji au wa magonjwa ya ndani, atakayekubali kwa jina kumpokea akirudi. Asipompata, safari isubiri. Apimwe damu, vitamini, vidonda vya tumbo na usingizi kabla ya kulipa amana. Aongee na daktari atakayemkata, si wakala, na amuulize amefanya upasuaji wa aina hiyo mara ngapi, nani hulipia mshono ukivuja, na kama anaweza kukaa karibu na hospitali kwa siku 14. Bima za safari kwa kawaida hazigusi madhara ya upasuaji uliopangwa. Kwa maoni yangu, anayekwenda mbali asikubali mchepuko bila sababu mahususi, kwa mfano kiungulia kikali, kwa kuwa unadai ufuatiliaji wa maisha yote kuliko aina ile nyingine. Wapo ambao puto la muda tumboni, huduma inayopatikana sasa hapahapa Mloganzila, au mpango mzuri wa lishe na dawa utawatosha. Puto hutolewa baada ya miezi kadhaa, na uzito unaweza kurudi.

Arudi na karatasi: maelezo kamili ya upasuaji, dawa alizopewa na namba ya simu ya daktari. Vipimo vya damu vifanyike miezi mitatu, sita na kumi na miwili baadaye, kisha kila mwaka, vikiangalia damu, madini ya chuma, vitamini B12, vitamini D na kalsiamu.

Kikwazo kikubwa kwa yote haya ni siri. Wengi husafiri kwa kisingizio cha semina au kumwona ndugu, na hata mume au dada hajui. Wanapozidiwa, humwambia daktari kuwa wamekula kitu kibaya. Mgonjwa ana haki ya faragha yake mbele ya jamaa. Tunachomwomba ni kumwambia ukweli anayemtibu, na amwachie karatasi zile mtu mmoja anayemwamini. Nasi tujifunze kuuliza faraghani, bila kejeli: umewahi kufanyiwa upasuaji wowote, hapa au nje? Kisha tumfunue tumbo tutazame. Makovu manne au matano ya nusu sentimita hufifia baada ya mwaka, lakini utumbo wa aliyefanyiwa mchepuko unaweza kujinyonga ndani hata miaka mitano baadaye, kwa hiyo swali hilo linamhusu pia yule anayekuja na maumivu ya tumbo akiwa mwembamba kabisa.