KUCHAGUA KOMPYUTA YA OFISI YA CHAMA: TUANZE NA KAZI, SIYO NA DUKA



Kwa miaka mingi vifaa vya ofisi ya chama cha msingi vilikuwa mizani, daftari la mapokezi, vitabu vya stakabadhi na kasha la fedha. Leo kompyuta mpakato imeingia katika orodha hiyo. Taarifa za chama zinapelekwa kwa Mrajis kwa njia ya Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani MUVU. Orodha za malipo zinapelekwa benki. Na barua nyingi zinapokelewa kwa intaneti. Kompyuta inapokwama siku ya malipo, anayeumia si katibu peke yake. Anaumia mkulima aliyekwisha kukabidhi mazao yake na anayengojea haki yake. Tena chombo hicho kinanunuliwa kwa fedha za wanachama. Kwa hiyo haifai uchaguzi wake uachiwe muuza duka.

KAZI KWANZA

Kabla ya kuulizia bei, Bodi na katibu waandike kazi ambazo kompyuta itafanya katika siku moja ya msimu. Mara nyingi orodha itakuwa hivi: jedwali la mapokezi ya mazao, orodha ya malipo, barua inayoandikwa, ukurasa wa MUVU na barua pepe. Kila moja ya kazi hizi, ikiwa peke yake, ni nyepesi. Uzito unatokana na kuzifungua zote kwa pamoja, kwa kuwa katibu hawezi kufunga daftari moja kila anapotaka kutazama jingine. Kompyuta inayofaa ofisi yetu ni ile inayoweza kuchukua kazi hizo zote kwa wakati mmoja.

UWANJA WA MIZANI NA GHALA

Ndani ya kompyuta mna sehemu mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kumbukumbu ya kazi, inayoandikwa RAM. Hiyo ni mfano wa uwanja wa kupimia mazao: kila kazi iliyofunguliwa inachukua nafasi yake pale. Ya pili ni hifadhi, ambayo ni mfano wa ghala: kumbukumbu zote za chama hukaa humo hata umeme ukizimwa.

Uwanja ukiwa mdogo, magunia hayana budi kurudishwa ghalani na kutolewa tena kila mara, na foleni ya wakulima inarefuka. Ndivyo kompyuta inavyofanya RAM inapojaa: inahamishia sehemu ya kazi kwenye hifadhi na kuirudisha, na mtumiaji anaona imepooza. Microsoft inataja GB 4 kuwa kiwango cha chini cha RAM kwa Windows 11. Hicho ni kiwango cha kuiwezesha kompyuta kuwaka, si kiwango cha kuiwezesha ofisi kufanya kazi. Chama kisinunue chini ya GB 8. Na fedha zikiruhusu, GB 16 zitafaa zaidi kwa miaka ijayo. Iulizwe pia kama RAM inaweza kuongezwa baadaye, maana katika kompyuta nyingi nyembamba imechomelewa moja kwa moja.

Kwa upande wa hifadhi, ichaguliwe ya aina ya SSD. Diski ya zamani, HDD, ina sahani inayozunguka na kichwa kinachosoma. Ni ya polepole, na mtikisiko wa safari unaweza kuiharibu. SSD haina sehemu inayozunguka, na kasi yake ni kubwa zaidi. SSD ya GB 256 inatosha majedwali na barua za chama cha kawaida. Hapana faida kununua HDD kubwa ya GB 1,000 ambayo sehemu kubwa itabaki tupu huku kazi zikisubiri.

PROSESA NA KIZAZI CHAKE

Prosesa ndiyo inayokokotoa. Kwa kazi zetu, Intel Core i5 au AMD Ryzen 5 inatosha. Lakini tusidanganywe na tarakimu kubwa ya kibandiko: i7 ya mwaka 2012 inaweza kushindwa na i5 ya miaka ya karibuni. Tutazame kizazi. Katika namba i5-8250U, kizazi ni cha 8. Katika i5-1135G7, ni cha 11.

Jambo hili ni zito kwa vyama vinavyonunua kompyuta zilizotumika. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa kompyuta nyingi za Intel Core, inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Kompyuta ya bei rahisi isiyofikia hapo italeta gharama nyingine mapema.

BETRI

Penye umeme wa kukatika, betri ni akiba. Uwezo wake unaandikwa kwa wati-saa, Wh. Betri ya Wh 50, katika kompyuta inayotumia wati 10, itadumu kama saa 5. Kwa kompyuta iliyotumika, fundi aendeshe amri powercfg /batteryreport, kisha alinganishe uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Betri iliyobakiwa na nusu ya uwezo wake ihesabiwe katika bei.

KABLA YA KULIPA

1. Bodi iandike sifa zinazotakiwa, na kupata bei za wauzaji wasiopungua watatu kwa sifa zile zile.

2. Katibu afike dukani na nakala ya jedwali la chama iliyofutwa majina, namba za simu na akaunti. Taarifa za wanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

3. Kazi zote za orodha zifunguliwe kwa pamoja. Kisha zibonyezwe Ctrl, Shift na Esc, na isomwe asilimia ya RAM inayotumika. Ikikaribia 90, kompyuta hiyo haina nafasi ya msimu.

4. Risiti, namba ya kompyuta na muda wa dhamana viandikwe katika rejista ya mali za chama.

5. Katika bei iongezwe diski ya nje ya kuwekea nakala. Nakala ifanywe kila siku ya mapokezi, na ihifadhiwe mahali pengine, siyo katika mkoba ule ule wa kompyuta.

Ndugu wanachama, nanyi mna wajibu wenu. Katika mkutano mkuu ulizeni: sifa zilizotakiwa zilikuwa zipi, bei ngapi zilishindanishwa, na nakala za hesabu zetu ziko wapi? Katibu aliyefuata utaratibu huu atakuwa na majibu yote matatu kwa maandishi, na mkaguzi akija atayakuta.