Machi ni Mwezi wa Hesabu: Jinsi Timu za NFL Zinavyosajili Ndani ya Kikomo cha Mishahara

Machi 2024 klabu ya Denver Broncos ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, ilimtema Russell Wilson, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) ambaye mwaka 2022 ilikuwa imemwongezea mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya dola milioni 245. Wilson akahamia Pittsburgh Steelers kwa dola milioni 1.21, mshahara wa chini kabisa unaoruhusiwa kwa mchezaji mwenye uzoefu wake. Sehemu iliyobaki ya mshahara wake wa msimu huo, karibu dola milioni 38, ililipwa na Denver. Yaani mtu alivaa jezi ya Pittsburgh na kuishindia Pittsburgh, huku hundi yake kubwa ikitoka Denver. Uchungu haukuishia hapo. Katika vitabu vya ligi, Denver ilibebeshwa dola milioni 85 za mchezaji ambaye hayupo: milioni 53 mwaka 2024 na milioni 32 mwaka 2025.

Kwa shabiki aliyekulia kwenye soka, aliyezoea dirisha la usajili la Ulaya na vuta nikuvute ya Simba na Yanga, habari kama hii haiingii akilini upesi. Kwenye soka, klabu yenye tajiri nyuma yake hufungua pochi na kumleta inayemtaka. Kwenye futiboli ya Kimarekani wamiliki wengi ni mabilionea, na bado timu inaweza kumkosa mchezaji inayemhitaji kwa sababu hesabu haziruhusu. Ada ya uhamisho pia haipo. Mchezaji mwenye mkataba hubadilishwa kwa mchezaji mwingine au kwa haki ya kuchagua chipukizi kwenye drafti, na yule ambaye mkataba wake umekwisha, akiwa ametumikia ligi angalau misimu 4, ni mchezaji huru. Timu yoyote kati ya 32 inaweza kumwita.

Kinachozibana zote ni kikomo cha mishahara. Kila mwaka ligi na chama cha wachezaji, NFLPA, hukokotoa mapato yote, sehemu kubwa yakiwa ya haki za televisheni. Kwa makubaliano ya pamoja ya mwaka 2020, fungu la wachezaji halipaswi kushuka chini ya asilimia 48. Humo hutolewa gharama za bima, pensheni na mafao mengine, na kinachobaki hugawanywa sawa kwa timu 32. Mwaka 1994, kikomo kilipoanza, kila timu iliruhusiwa dola milioni 34.6. Mwaka 2025 ilikuwa milioni 279.2. Kimeshuka mara chache sana, na mojawapo ni mwaka 2021, baada ya viwanja kukaa vitupu kwa sababu ya korona: kutoka milioni 198.2 hadi 182.5. Wachezaji wengi wazoefu waliachwa msimu huo kwa sababu ambazo hazikuhusiana hata kidogo na uwezo wao uwanjani.

Mpira wa kikapu wa NBA unaruhusu timu kuvuka kikomo na kulipa kodi ya anasa. NFL hairuhusu. Siku ambayo mwaka wa ligi unaanza, katikati ya Machi, kila timu lazima iwe chini ya mstari, na hadi msimu uanze huhesabiwa wachezaji 51 tu wenye gharama kubwa zaidi.

Mfumo huu ulizaliwa mahakamani, na mahakama yenyewe ilikuwa Minneapolis. Kabla ya hapo mchezaji alikuwa karibu mali ya klabu. Mkataba ukiisha, klabu ilikuwa na njia za kumzuia asiondoke. Mgomo wa mwaka 1987 ulivunjika bila kuleta uhuru huo. Wachezaji 8, wakiongozwa na Freeman McNeil wa New York Jets, wakafungua kesi ya kupinga ukiritimba, na Septemba 1992 baraza la wazee wa mahakama mbele ya Jaji David Doty likaona kwamba vizuizi vya ligi vilivunja sheria. Kesi nyingine ikafuata, ikibeba jina la Reggie White, mlinzi hodari na mchungaji wa Kibaptisti. Wamiliki wakakubali kuketi mezani. Wachezaji walipata uhuru wa kuhama, na wamiliki wakapata kikomo. Aprili 1993 White mwenyewe alisaini Green Bay Packers kwa miaka 4 na dola milioni 17, jambo lililowashangaza wengi, maana Green Bay ni mji mdogo wenye baridi kali na hakuna aliyedhani nyota angeuchagua kwa hiari yake.

Sasa tuingie jikoni, kwenye mkataba wenyewe, kwa sababu hapa ndipo mashabiki wengi hupotea.

Tuchukulie mchezaji amesaini miaka 5. Anapewa dola milioni 50 za kusaini, taslimu, na mshahara wa mwaka wa kwanza ni milioni 2. Mfukoni mwake zimeingia milioni 52. Kwenye hesabu ya kikomo, hata hivyo, zile 50 hugawanywa kwa miaka ya mkataba, isiyozidi 5, kwa hiyo kila mwaka hubeba 10. Mwaka wa kwanza timu inahesabiwa milioni 12 tu. Raha hiyo ina gharama yake. Timu ikimtema baada ya miaka 2, milioni 30 ambazo hazijahesabiwa huangukia mwaka huo huo kwa mkupuo. Hizo ndizo pesa mfu: zilishalipwa, mwenyewe ameondoka, lakini zinakalia nafasi ambayo angesajiliwa mtu mwingine. Ligi inaruhusu kuzipunguza makali. Timu inaweza kuteua hadi wachezaji 2 ambao kuachwa kwao kutahesabiwa kana kwamba ni baada ya Juni 1, na hapo sehemu ya mwaka huu hubaki mwaka huu na nyingine husukumwa mwaka ujao. Denver ilitumia njia hiyo kwa Wilson, ndiyo maana deni lake lilisambaa miaka 2.

Zipo pia mbinu za kununua muda. Timu inaweza kumwita mchezaji na kugeuza mshahara wake wa mwaka kuwa pesa za kusaini. Mchezaji hapotezi hata senti, tena analipwa mapema, na timu inapata nafasi leo kwa kuikopa kesho. Mbinu ya pili ni miaka hewa: mkataba wa miaka 3 unaandikwa kana kwamba ni wa miaka 5, na kila upande unajua kwamba hiyo 2 ya mwisho haitachezwa. Ipo ili kugawanya gharama. New Orleans Saints waliishi hivi kwa miaka mingi, wakianza karibu kila Machi wakiwa juu ya mstari kwa makumi ya mamilioni na kujikwamua kwa kusukuma mbele. Drew Brees alipokuwa uwanjani ilieleweka. Alipostaafu mwaka 2021, bili ziliendelea kuja.

Ni kosa, hata hivyo, kusema kwamba mbinu hizi ni ujanja wa wazembe. Philadelphia Eagles, chini ya meneja wao mkuu Howie Roseman, wanazitumia kuliko karibu kila mtu, na wanazitumia kwa wachezaji wanaostahili. Machi 2024 walimsajili Saquon Barkley, mkimbiaji na mpira, kwa miaka 3 na dola milioni 37.75. Kwa mpangilio huo wa kugawanya, mwaka wa kwanza alikalia takriban milioni 4 tu za kikomo chao. Akakimbia yadi 2,005 msimu huo, na Februari 2025 Eagles wakaichapa Kansas City Chiefs 40 kwa 22 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi. Barkley alitoka New York Giants, majirani na mahasimu wa Philadelphia. Mwaka mmoja kabla, Giants walikuwa wamempa kwotabeki Daniel Jones miaka 4 kwa dola milioni 160, wakamfunga Barkley kwa mwaka mmoja kwa zaidi ya milioni 10 kidogo, kisha wakamwacha aende. Novemba 2024 Jones naye aliachwa. Kikomo kilikuwa sawa kwa timu zote mbili. Tofauti ilikuwa nani aliyeahidiwa pesa.

Kufungwa kwa mwaka mmoja nako kunahitaji maelezo. Kila timu inaweza kumzuia mchezaji mmoja asiwe huru kwa kumpa mkataba wa mwaka 1 ulio karibu na wastani wa mishahara mitano mikubwa ya nafasi yake. Unasikika kama ukarimu, na kwa mwaka huo ni pesa nyingi kweli. Lakini mchezaji akiumia goti Oktoba, ule mkataba mrefu aliostahili hautakuja. Wachezaji wengi huuchukia, na wana haki.

Ukitaka kuelewa kwa nini timu zinawania vijana kwa pupa, rudi mwaka 2011. Mwaka 2010 chaguo la kwanza la drafti, Sam Bradford, alipata mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 78, milioni 50 zikiwa na dhamana ya kulipwa hata akiachwa, kabla hajacheza mechi hata moja. Makubaliano mapya yakaweka viwango kwa chipukizi, na chaguo la kwanza la mwaka 2011, Cam Newton, akapata miaka 4 kwa milioni 22. Tangu hapo kwotabeki kijana mwenye kipaji ndiye mali ya thamani kuliko zote kwenye ligi, kwa sababu anakula kidogo na kuacha nafasi ya kuwajaza wenzake. San Francisco 49ers walifika Super Bowl ya Februari 2024 wakiwa na Brock Purdy, chaguo la mwisho kabisa la drafti ya 2022, nambari 262, aliyekuwa akilipwa chini ya dola milioni moja kwa mwaka. Mei 2025 walimpa miaka 5 kwa milioni 265. Miezi miwili kabla, wakijua bili inakuja, walikuwa wameshaachana na kundi zima la walinzi na washambuliaji waliowafikisha pale.

Hapo katikati, kati ya nyota wa milioni 50 kwa mwaka na chipukizi wa bei nafuu, ndipo kikomo kinapouma. Mchezaji wa miaka 30, mzuri bila kuwa nyota, mwenye mshahara wa milioni kadhaa usio na dhamana, ndiye wa kwanza kukatwa. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana mfano wa karibu: Mathias Kiwanuka, mzaliwa wa Indianapolis na mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. New York Giants walimchagua raundi ya kwanza mwaka 2006, akawatumikia misimu 9 kama mlinzi, akabadilishwa nafasi mara kwa mara. Machi 2015 walimwacha ili kupata nafasi kwenye kikomo. Chama cha wachezaji kimejaribu kupunguza maumivu haya: mkongwe anayesaini mwaka 1 kwa kima cha chini huhesabiwa kwa bei ya mchezaji wa misimu 2. Mwaka 2024 mwenye misimu 7 na zaidi alilipwa angalau dola milioni 1.21, lakini kwenye kikomo alikalia 985,000 tu. Ni kanuni ndogo, na imewaweka kazini watu wengi.

Ndiyo maana mzazi ambaye mwanawe anacheza sekondari za Marekani, na huenda siku moja akaketi na wakala, anapaswa kuuliza jambo moja kabla ya mengine: pesa zenye dhamana ni ngapi, na zinalipwa lini? Tarakimu inayotangazwa kwenye vichwa vya habari hujumlisha miaka ambayo klabu haina wajibu wa kuifikisha. Ni wachache waliowahi kupata mkataba mkubwa wenye dhamana yote. Kirk Cousins aliupata Minnesota mwaka 2018, milioni 84 kwa miaka 3, na Deshaun Watson akaupata Cleveland mwaka 2022, milioni 230 kwa miaka 5. Wamiliki wengine walichukizwa na huo wa Cleveland, na hadi leo wanauepuka kama mfano.

Cousins huyo huyo ndiye aliyeipa Minnesota Vikings mtihani wake mkubwa. Aliondoka Machi 2024 kwenda Atlanta, na miaka hewa ya mkataba wake ikaiachia Vikings dola milioni 28.5 za pesa mfu. Atlanta nayo ilitozwa faini ya dola 250,000 na kunyang'anywa chaguo la raundi ya tano kwa kuwasiliana naye kinyume cha utaratibu. Meneja mkuu wa Vikings wakati huo, Kwesi Adofo-Mensah, mchumi aliyewahi kufanya kazi Wall Street, alimchukua Sam Darnold kwa mwaka 1 na dola milioni 10, kisha akamchagua kijana J.J. McCarthy kwenye drafti. McCarthy akaumia goti kabla ya msimu. Darnold, aliyekuwa ameshakatiwa tamaa na timu kadhaa, akaipa Vikings ushindi wa mechi 14 kati ya 17.

Machi 2025 ikafika. Kumfunga Darnold mwaka mmoja kungegharimu zaidi ya milioni 40. McCarthy alikuwa na mkataba wa takriban milioni 22 kwa miaka 4. Vikings wakamwacha Darnold aende Seattle kwa miaka 3 na dola milioni 100.5, na nafasi waliyoibakiza wakaitumia kwa Jonathan Allen, Javon Hargrave, Ryan Kelly, na Will Fries, huyu wa mwisho kwa miaka 5 na milioni 88. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa safi, na wachambuzi wengi waliisifu. Lakini hesabu ilimtegemea kijana ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya msimu, na hilo hakuna kanuni ya kikomo inayoweza kulikokotoa. Msimu uliofuata Minnesota haikufika mtoano. Seattle, na Darnold akiwa kwotabeki wao, walitwaa Super Bowl Februari 2026.