Nafuu ya Posta Yataka Hati Safi



Chama chenye jarida hujua ya kwamba kuandika na kuchapa ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kulifikisha jarida mikononi mwa mwanachama, na hapo ndipo mfuko wa chama hutoboka. Katika toleo hili twataka kueleza namna vyama vya wakulima vya Marekani vinavyopeleka majarida yao kwa posta kwa bei iliyopunguzwa, na namna hati zake za malipo zinavyopelekwa kwa kompyuta. Tumekwenda mbali hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, nafuu ile imetajwa waziwazi kuwa ni ya vyama vya kilimo pia. Pili, ndani yake mna jambo ambalo mkulima wa karafuu atalifahamu upesi kuliko watu wengi: bei hufuata kazi ya kuchambua.

Huko Marekani, mtu apelekaye barua moja hulipa bei kamili ya stempu. Mwenye barua nyingi za namna moja aweza kuzileta posta kwa jumla na kulipa kidogo zaidi kwa kila moja. Daraja itumiwayo sana kwa kazi hii huitwa Marketing Mail. Kiasi chake cha chini ni barua 200 au uzito wa ratili 50, na kila barua iwe chini ya wakia 16. Juu ya nafuu hiyo ipo nyingine, nayo ni ya vyama visivyotafuta faida. Kanuni za posta zawataja wanaostahili kwa makundi: vyama vya dini, vya elimu, vya sayansi, vya hisani, vya wafanya kazi, vya askari wa zamani, vya udugu, na vya kilimo. Chama cha kilimo kimeelezwa kuwa ni kile ambacho shabaha yake kubwa ni kuinua hali ya wakulima, kuendeleza daraja la mazao yao, na kuwafanya wafanye kazi yao kwa ufanisi zaidi. Maneno hayo yangeliweza kuandikwa Wete au Mkoani na asingeulizwa mtu yametoka wapi.

Nafuu yenyewe si ndogo. Sheria yao yataka bei za vyama hivyo zipangwe hata wastani wa mapato ya posta kwa kila barua yao uwe karibu na asilimia 60 ya ule wa barua za wafanya biashara. Lakini chama hakiipati kwa kujitaja. Hapana budi kijaze Fomu 3624, kionyeshe katiba yake na ushahidi wa kazi zake, kisha kingoje kibali.

Yafaa kuuliza: posta hupata nini kwa kupunguza bei? Jawabu limo katika historia yao. Tarehe 1 Julai 1963 walianzisha namba za posta za tarakimu tano, ziitwazo ZIP, ili kila anwani iwe na namba ya eneo lake. Mwanzoni watu walizitumia kwa hiari. Mwaka 1966, mwezi wa Oktoba, posta kuu ya Chicago, ambayo jengo lake lilikuwa kubwa kuliko la posta yoyote duniani, ilizidiwa hata kazi ikasimama. Barua na vifurushi zaidi ya milioni 10 vilirundikana, na mabehewa na malori yakajaa nje yakingoja kupakuliwa. Mwaka uliofuata, 1967, wapelekaji wa majarida na barua za jumla wakalazimishwa kuandika namba zile. Shirika la Posta la Marekani la leo lenyewe lilianza kazi tarehe 1 Julai 1971, baada ya sheria ya mageuzi ya mwaka 1970.

Tangu hapo shauri limekuwa moja: kila kazi ambayo mpelekaji ameifanya mwenyewe, posta haina haja ya kuifanya, na ile akiba hugawana naye. Akizipanga barua zake kwa namba za maeneo kabla ya kuzileta, hupata punguzo. Akizipanga hata zikafuata njia ya tarishi mmoja mmoja, bei hushuka tena. Zile zilizochanganyika, za huku na huku, hulipiwa zaidi. Kwa hiyo twaona si sawa kuiita nafuu hiyo sadaka. Ni ujira. Mkulima aletaye karafuu kituoni zikiwa bado na makonyo, nyingine mbichi nyingine kavu, hawezi kudai bei ya daraja la kwanza kwa kuwa tu gunia limejaa.

Sasa tufike kwenye hati. Kila mzigo wa barua za jumla huandamana na hati ya malipo. Hati hiyo hueleza mzigo ni wa nani, kibali chake ni namba gani, barua ni ngapi, moja yapima kiasi gani, ngapi zimepangwa kwa daraja hili na ngapi kwa lile, na jumla ya fedha ni kiasi gani. Kwa Marketing Mail hati hiyo ni Fomu 3602, nayo ina namna yake khasa kwa vyama visivyotafuta faida. Zamani ilijazwa kwa mkono, safu baada ya safu, na karani wa posta aliipitia kwa kalamu. Aliyekosea kuzidisha katika safu moja alikuwa amekosea jumla yote.

Siku hizi hati hupelekwa kwa njia ya intaneti, katika mfumo wa posta uitwao PostalOne!. Njia ni mbili kubwa. Chama kidogo hufungua ukurasa uitwao Postal Wizard na kujaza nafasi zilizoachwa wazi: namba ya kibali, tarehe, uzito wa barua moja, idadi kwa kila daraja. Hesabu ya fedha hufanywa na kompyuta yenyewe. Wapelekaji wakubwa hawajazi kitu kwa vidole. Programu iliyozipanga anwani zao hutoa faili la utaratibu uitwao Mail.dat, na faili hilo hupelekwa zima, likiwa na khabari za kila trei na kila kifungu.

Asidhani mtu kwamba kupeleka hati kwa kompyuta ni kupeleka barua kwa kompyuta. Mzigo wenyewe bado hubebwa mpaka kituo cha kupokea barua za jumla. Pale karani huifungua hati kwenye kioo chake, huchukua barua chache akazipima, hutazama trei na vibandiko vyake, na akiridhika huithibitisha. Mahali pa stempu pamechapwa alama ya kibali, na fedha hukatwa kutoka akaunti ambayo chama kimeiwekea fedha kabla. Ikiwa akaunti haitoshi, barua hazitoki, hata kama mkutano mkuu ni Jumamosi ijayo na jarida ndilo lenye tangazo lake. Katibu mwenye busara huitazama akaunti kabla ya kuutazama uzi wa kufungia.

Kwa vyama vikubwa mambo yamekwenda mbele zaidi. Kila barua hupewa alama ya mistari 65, mirefu na mifupi, ambayo mashine huisoma. Katika mistari hiyo mna namba ya mpelekaji, namba ya barua yenyewe, na namba ya mahali iendako. Mpelekaji aliyejiunga na utaratibu kamili hukubali kutorudia namba ya barua moja kwa siku 45, huweka alama kama hizo kwenye trei pia, na huipeleka hati yake kwa kompyuta. Kwa hayo huongezewa punguzo ambalo halifiki senti moja kwa barua. Mtu aweza kucheka. Lakini azidishe kwa barua laki moja, kisha acheke tena.

Hapo ndipo penye khatari pia. Mashine zikizipitisha barua, huzilinganisha na hati iliyopelekwa. Barua iliyoonekana na mashine nayo haimo katika hati huhesabiwa kuwa haikulipiwa, na makosa yakizidi kiwango kilichowekwa mpelekaji hudaiwa fedha zaidi. Zamani karani aliweza kuchungulia gunia moja katika kumi. Mashine huona yote. Katika mambo haya kompyuta haikuondoa uzembe wa mtu. Imeufanya ujulikane mapema, na kwa hesabu.

Kwa maoni yetu kazi kubwa kuliko zote ni daftari la anwani, na ndiyo kazi ambayo vyama huipenda kidogo kuliko zote. Kanuni ya Marekani yataka anwani za barua za jumla ziwe zimelinganishwa na khabari za watu waliohama katika siku 95 kabla ya kupeleka. Wenye kuona ni usumbufu wafikiri jambo hili: barua ya Marketing Mail isiyomkuta mwenyewe haifuati alikohamia, wala hairudi kwa chama, ila chama kiwe kimechapa juu yake ombi la huduma hiyo, nayo ina gharama zake. Isipokuwa hivyo hutupwa. Chama kimeilipia kuchapa, kimeilipia kukunja, kimeilipia posta, na mwisho wake ni pipa la taka. Mwanachama naye hukaa nyumbani akisema, "Chama kimenisahau." Hati ya kompyuta haiwezi kulionyesha kosa hilo, maana idadi ni sawa, uzito ni sawa na malipo ni sawa. Aliyehama ndiye tu ajuaye.

Liko jambo jingine ambalo wakubwa wa vyama wapasa kulijua. Kibali cha chama kisichotafuta faida ni kwa vitu vya chama hicho tu. Hakikopeshwi. Akija mfanya biashara, hata akiwa mfadhili mkubwa, akaomba karatasi zake za kutangaza bidhaa zipite kwa jina la chama ili apate ile bei ndogo, jawabu ni hapana. Jina la chama chenye kibali na anwani yake lazima vionekane, na matangazo ya namna fulani, kama ya bima, ya safari na ya kadi za mikopo, yamewekewa masharti makali. Na yule anayebonyeza kuipeleka hati huwa ametia sahihi yake, ingawa hakushika kalamu. Akiwa amesema uongo aweza kutozwa faini au kushitakiwa. Hili twalisisitiza kwa kuwa aghalabu kazi ya kompyuta hupewa kijana wa ofisini, kisha mwenyekiti asijue ni nini kilichopelekwa kwa jina la wenzake wote. Mwenye kubonyeza na awe mtu aliyeruhusiwa na kamati, na nambari zake za siri zisiandikwe ukutani.

Kwa mshika fedha hati hizi zina faida ambayo sisi twaipenda kuliko punguzo. Kila moja ina tarehe, idadi, uzito na kiasi kilichokatwa, nayo hubaki katika mfumo. Mkaguzi akitaka kujua majarida 800 yaliyochapwa yamekwenda wapi, huweka bili ya mpiga chapa upande mmoja na hati ya posta upande wa pili. Zikitofautiana kwa ishirini au thelathini, huuliza zile zilizobaki ziko kabati gani.

Huku kwetu mambo ni mengine. Wengi wetu tuna sanduku la posta, au hutumia la skuli au la ndugu aliye mjini, na majarida mengi hupita mkono kwa mkono. Lakini msingi umekwisha kuwekwa hapa pia. Tanzania ina namba za posta za tarakimu tano kama zile za Marekani, na mwaka 2022 ilifanyika Operesheni ya Anwani za Makazi, nyumba zikapewa namba na barabara zikapewa majina. Namba za Zanzibar huanza na tarakimu 7. Za Kusini Pemba huanza na 74, za Kaskazini Pemba na 75. Katika shehia moja waweza kuwapata akina Juma Ali watatu, na wote watatu wana mikarafuu. Jina peke yake halitoshi kumfikishia mtu jarida, wala notisi ya mkutano, wala jawabu la dai lake.

Kwa hiyo twawaomba wanachama, kila mtu ajapo kulipa ada yake ya mwaka, alete pamoja nayo karatasi ndogo iliyoandikwa jina lake kamili kwa matatu, shehia, namba ya nyumba na jina la barabara kama zipo, namba ya posta, sanduku la posta na jina la mwenye sanduku hilo, na namba ya simu. Asiyeijua namba yake ya posta amwulize sheha wake. Waliohama, na warithi wa wanachama waliofariki ambao wangali wakipokea jarida kwa jina la marehemu, tafadhali watuarifu mapema, maana daftari jipya twataka kulianza kabla ya msimu wa kuchuma, wakati ambapo hakuna mtu atakayekuwa na nafasi ya kuandika.