Ugonjwa wa Zizini Juu ya Mkaratusi

Mbuzi anayetafuna hata kamba aliyofungiwa hupita penye mkaratusi akaufanya kama haupo. Majani yake yana mafuta makali, yale yale tunayojifukizia mafua yakibana, na ndani yake mna sumu ambayo matumbo mengi hayaiwezi. Huko Australia, mti huu ulikotoka, yuko mnyama ambaye karibu chakula chake chote ni hicho: koala. Anakula kisha analala, anaamka anakula tena, maana majani hayo yana shibe kuliko nguvu.

Anayawezaje? Ini lake hufanya sehemu ya kazi. Sehemu nyingine hufanywa na bakteria wa tumboni, na hao mtoto hazaliwi nao. Akifika miezi sita hivi, mama yake humtolea choo cha pekee. Hiki si kile cha kila siku, vidonge vikavu. Ni uji wa kijani kutoka sehemu ya utumbo ambako majani huchachushwa. Mtoto hutoa kichwa mfukoni mwa mama, mfuko ambao mdomo wake umeelekea chini, akaulamba mpaka akatosheka. Anayesoma haya akipata kifungua kinywa anisamehe, lakini bila uji huo mtoto huyo hana maisha juu ya mkaratusi.

Uji huo pia hushukiwa kuwa njia mojawapo ambayo ugonjwa wa klamidia hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Njia nyingine ni kujamiiana, wanapokuwa wakubwa.

Koala mwenye klamidia hutambulika kwa mbali. Macho yamevimba, mekundu, kope zimegandishwa na tongotongo; asipotibiwa, anapofuka. Kibofu nacho huwaka, mkojo ukamchuruzika, na manyoya ya matakoni yakalowa na kugeuka rangi ya kutu. Waaustralia huuita huo ugonjwa wa mkia mchafu, ingawa koala hana mkia wa kuutaja. Ubaya zaidi hauonekani kwa nje: majike huota vifuko vya maji kwenye njia za uzazi, wakawa tasa. Katika baadhi ya makundi ya Queensland na New South Wales, nusu na zaidi wameambukizwa. Mwaka 2022 serikali ya Australia iliwatangaza koala wa majimbo hayo kuwa wako hatarini kutoweka. Ugonjwa si sababu pekee, ipo miti inayofyekwa, wapo mbwa, magari na moto, lakini kundi lisilozaa halijazi pengo.

Jina klamidia kwetu hutajwa kwa sauti ya chini, kama siri ya zahanati. Kumbe ni ukoo mzima wa bakteria. Mmoja wao ndiye huleta vikope, yaani trakoma, ugonjwa uliopofusha wazee wengi wa Kongwa, Dodoma. Mwaka 1907, kisiwani Java, Ludwig Halberstaedter na Stanislaus von Prowazek walipochunguza vikope waliona ndani ya seli za kope vidoa vilivyokusanyika kama vimefunikwa joho. Joho kwa Kigiriki ni chlamys. Jina likakaa, na limefaa: bakteria huyu huingia seli akiwa chembe ndogo ngumu, akajifungia ndani ya kifuko ambako seli haimmeng'enyi. Humo hunenepa na kugawanyika, na baada ya siku mbili tatu mamia ya chembe mpya hutoka kutafuta seli nyingine.

Anayewasumbua zaidi koala anaitwa Chlamydia pecorum. Pecorum ni Kilatini, maana yake "wa mifugo". Ndiyo, mifugo. Jina lilitolewa mwaka 1992 kwa bakteria wa ng'ombe na kondoo. Wanakondoo huwakakamaza viungo, ndama huweza kuwapanda hadi ubongoni, na mara nyingi hukaa tu utumboni bila kuonyesha dalili. Kondoo walifika Australia na meli za Waingereza mwaka 1788. Baadhi ya aina za bakteria walizonazo koala zinafanana sana na zile za kondoo, ndiyo maana wapo wanasayansi wanaodhani ugonjwa ulipanda mtini kutoka malishoni. Koala hushuka chini anapohama mti, na siku hizi kati ya mti na mti huenda kukawa na kinyesi cha kondoo.

Dawa ipo, ila ina makali pande mbili. Antibayotiki inayosafisha macho huua pia bakteria wa tumboni wanaovunja tanini, mojawapo ya sumu za majani. Mgonjwa anaweza kupona macho akafa njaa, tumbo likiwa limejaa.

Kwa hiyo tumaini limehamia kwenye chanjo. Peter Timms na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sunshine Coast waliifanyia kazi kwa zaidi ya miaka kumi, na Septemba 2025 iliidhinishwa. Ni sindano moja. Kwa mujibu wao, katika koala wa porini ilipunguza vifo kwa asilimia 65 au zaidi.

Kazi iliyobaki ni kumfikia mwenye kuchomwa. Wakamataji hufunga kitambaa kwenye ncha ya ufito mrefu na kukipeperusha juu ya kichwa cha koala. Yeye hukikwepa kwa kushuka, hatua moja, akatulia, akatazama. Kitambaa kikatikiswa tena, akashuka nyingine. Chini kuna mtu ameshika gunia wazi. Msitu una miti mingi.