Kabla ya kupandisha mtoto ndani ya boti

Kila vakansi kubwa ikikaribia, swali linarudi katika vikao vya wamama hapa Mapendo: watoto wanataka ziwa, tuwapeleke na chombo gani? Mwaka huu swali limekuja na sura mpya. Kuna familia zilizo na kaka au mtoto mkubwa Ulaya ama Canada, naye amesema yuko tayari kutuma pikipiki ya maji, ile vijana wanaiita jetiski, ili wadogo zake wafurahi. Na kuna vikundi vya likelemba vinavyofikiria kuweka pesa pamoja, kununua chombo kimoja cha familia zote, na siku nyingine kukikodisha.

Nitasema wazi mapema ninakosimama: kwa familia ya Goma yenye watoto wadogo, jetiski ndiyo ya mwisho katika orodha. Boti pana ya polepole, yenye mwenyewe anayejulikana, inaipita. Na kabla ya boti kuna kitu kingine cha kununua, nitakifikia.

Tuanze na hiyo jetiski, kwa sababu ndiyo inayong'aa. Haina panka nje kama injini za boti tunazozijua. Ndani ya tumbo lake kuna pampu inayofyonza maji kutoka chini na kuyatupa nyuma kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayosukuma. Sasa, mama, tembea ufuoni kwetu asubuhi baada ya mvua ya usiku uone kinachoelea: mifuko, chupa, kandambili, majani, vipande vya kamba za nyavu. Pampu haichagui. Inafyonza mfuko mmoja na safari imekwisha, katikati ya maji, na mtoto nyuma yako.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hawalitaji. Jetiski nyingi zinageuka kwa nguvu ya yale maji yanayotoka nyuma. Ukiachia gesi, maji yanapungua, na usukani unakuwa kama wa bure: chombo kinaendelea mbele palepale kilipokuwa kinakwenda. Mtu mgeni akiona mtumbwi mbele yake anafanya nini? Anashtuka, anaachia gesi, anakata kona. Haikati. Ndiyo maana chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri tangu mwaka 2000 kwamba mtu aliye chini ya miaka 16 asiendeshe chombo hiki kabisa. Kijana wa miaka 13 anayejua moto ya baba yake hajui jetiski. Na yule anayeketi nyuma akianguka kinyumenyume karibu na mdomo wa pampu, yale maji ya nguvu yanaweza kumjeruhi vibaya ndani ya mwili. Kumweka mtoto mdogo mbele ya dereva, kama wanavyofanya kwa picha, nako si dawa: mawimbi yakipiga, kidevu chake kinagonga usukani.

Jambo la tatu ni fundi. Mafundi wanaozoea injini za Yamaha za nyuma ya boti tunao, na vipuri vinapatikana. Wa jetiski tafuta uniambie. Tena ziwa letu liko juu, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Injini ya kawaida inapoteza hapa sehemu ya nguvu zake, zaidi ya moja ya kumi. Chombo kilichobeba watu watatu bila taabu pwani, huku kitaanza kulalamika.

Kama bado familia inaitaka, basi angalau ichague kwa macho. Rangi ni ya kupakwa. Omba kuona kihesabu cha saa injini ilizofanya kazi. Uliza kama ilitumika baharini, maana chumvi inakula ndani na nje huoni. Muuzaji akiiwasha nchi kavu na kuiacha inguruma dakika nyingi ili kukufurahisha, huyo hajui anachouza: nyingi zinapoa kwa maji zinayofyonza, bila maji zinaungua upesi. Ijaribiwe ziwani, ikiwa baridi, iwake, izimwe, iwake tena. Soma kibandiko cha uzito, maana kwa kadiri ya aina inabeba kati ya kilo 160 na 270 hivi, watu na mizigo pamoja. Kamba fupi ya kuzima injini, inayofungwa mkononi mwa dereva au kwenye jile yake, lazima iwepo na ifanye kazi: ukiivuta, injini inakufa palepale. Bila kamba hiyo rudisha pesa mfukoni.

Sasa boti. Familia nyingi hazitanunua, zitakodi kwa saa mbili au tatu siku ya Mungu baada ya ibada. Basi usiende kukodi siku ileile, na watoto wamekwisha vaa nguo za kuogelea na wanakuvuta mkono. Nenda jumamosi, peke yako au wamama wawili. Boti uione ikiwa tupu.

Tazama sakafu kwanza. Maji kidogo ya mawimbi si kitu, lakini maji yanayorudi baada ya kutolewa yana mlango. Mwambie mwenyewe awashe injini na uangalie nyuma: injini nyingi za nje zinatoa mchirizi mwembamba wa maji, kama mkojo wa mtoto. Ule mchirizi ndio alama kwamba maji ya kupoza yanazunguka. Ukikatika, injini haitafika mbali. Uliza anachanganya oili na esansi kwa kipimo gani. Injini nyingi za mipigo miwili zinataka lita moja ya oili kwa lita 50 za esansi, na fundi mzuri atakujibu bila kufikiri. Anayejibu "naangalia tu kwa jicho" amekwisha kujibu. Na esansi iwe ndani ya tangi au bidoni yenye kifuniko, mbali na watu wanaovuta sigara, ya kutosha kwenda, kurudi, na kubaki. Zile chupa za kadhafi zinazonunuliwa njiani dakika ya mwisho zimeharibu safari nyingi, maji yakiwa ndani yake.

Kisha makasia. Wanaume wengi watacheka: "Mama, kuna motere, makasia ya nini?" Ya siku motere itakapozima. Tuko mji wa mpakani. Gisenyi iko hapo, na majini mpaka hauna ukuta. Boti iliyozima inakwenda inakopelekwa, na upepo hauulizi kitambulisho. Makasia mawili, kamba ndefu, kopo la kutolea maji, simu ndani ya mfuko usioingiza maji. Hivyo tu.

Kuhusu mtumbwi wa mti, nitasema kidogo. Wavuvi wetu wa sambaza hawaendi usiku na mmoja mwembamba: wanafunga mitatu pamoja kwa miti, na wavu katikati. Wanajua kwa nini. Mtumbwi mmoja mwembamba unataka watu wanaojua kukaa, na mtoto wa miaka sita hajui kukaa hata kanisani.

Ninakuja kwenye jambo lililoniandikisha. Tarehe 3 Oktoba 2024, asubuhi, bato liitwalo Merdi lilipinduka mbele ya Kituku, likikaribia kufika, watu wakiwa wamesimama ufuoni wanaliona. Lilikuwa limetoka Minova. Barabara ya Sake ilikuwa imekatwa na vita, na kila mtu, kila gunia, vilipita ziwani. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alisema kwamba ndani kulikuwa na watu 278, na kwamba wasiopungua 78 walikufa. Mwaka 2019, mwezi wa 4, chombo kingine kilizama upande wa Kalehe, na Rais Félix Tshisekedi alipotembelea wafiwa alitaja watu 150 ambao hawakuonekana. Baada ya hapo alitaka kila abiria avae jile. Amri ilitoka. Miaka mitano baadaye, mbele ya Kituku, tuliona.

Safari ya Minova si matembezi, mtu atasema. Kweli, wale walikuwa wanatafuta riziki na hawakuwa na barabara nyingine. Sisi tunaokwenda kwa furaha tuna kitu wao hawakuwa nacho: tunaweza kukataa kupanda. Hakuna soko linalotungoja ng'ambo. Kwa hiyo hesabu. Hesabu viti ukiwa jumamosi, hesabu vichwa ukiwa siku ya safari, na mtoto wa mgongoni ni kichwa, na kijana wa kushika injini ni kichwa. Wote wakikaa, nyosha mkono nje ya ukingo: kama vidole vinagusa maji bila wewe kuinama, boti imejaa kupita kiasi, hata kama kuna nafasi ya kukaa. Anayepita mbio na "mama, hawa wawili ni wadogo, tunawabana tu," mjibu kwa heshima, "Papa, hapana," na ushuke na watoto wako. Na mkifika, kila mtu abaki amekaa mpaka boti ifungwe. Watu wote wakisimama upande mmoja kupungia mikono, boti ndogo inaweza kupinduka hatua kumi kutoka mchangani.

Kile kitu cha kununua kabla ya boti ni jile za watoto. Swali la kwanza kwa mwenye boti lisiwe bei. Liwe: "Papa, jile ya mtoto iko wapi?" Mara nyingi atakuonyesha za watu wazima, zimerundikwa chini ya kiti, zimelowa, nyingine bila vifungo. Jile ya mtu mzima kwa mtoto ni mtego: akiingia majini jile inapanda juu, yeye anateleza chini.

Ndani ya jile nzuri kumeandikwa uzito wa mwili inaoubeba, na kando yake namba yenye herufi N. Iliyoandikwa 50 ni ya msaada tu kwa anayejua kuogelea. Kwa mtoto asiyejua, tafuta 100 au zaidi, yenye kola kubwa nyuma ya kichwa inayomgeuza uso juu, na mkanda unaopita kati ya miguu. Mvalishe, funga vyote, kisha umwinue kwa kushika mabega ya jile. Ikipanda mpaka masikioni, si yake. Akikaa imara na kidevu kiko juu, ni yake. Rangi iwe ya machungwa au njano. Ile ya buluu ni nzuri dukani, lakini majini haionekani. Bonyeza sponji: ikibaki na shimo la kidole, imekwisha kazi. Halafu mvalishe mtoto aelee nayo kwanza kwenye maji ya kiunoni mwako, azoee, asiogope.

Mama naye avae. Huwezi kumsaidia mtoto ukiwa wewe ndiye unayezama.

Saa ni jambo la kusema pia. Ziwa Kivu mara nyingi limetulia asubuhi. Mchana upepo unaamka. Vakansi kubwa inaanguka kiangazi, Juni mpaka Agosti, wakati upepo wa kusini unapanda na kupiga mawimbi upande wetu wa Goma. Basi mrudi kabla ya saa sita. Ulizeni bandarini kama safari zinaruhusiwa siku ile na mpaka saa ngapi, maana katika siku hizi utaratibu unabadilika. Na mahali pa kushukia pachaguliwe na mtu wa hapo. Kandokando ya ziwa, hasa magharibi ya mji, kuna mashimo na mabonde madogo ya mawe ya volkano ambamo mazuku inajikusanya. Haina rangi, na ni nzito kuliko hewa, inalala chini, palepale mtoto anapokaa kucheza. Asubuhi mapema, kabla upepo haujapita, ndipo inakuwa nyingi. Mkiona panzi au ndege wamekufa ndani ya shimo, msilale, msikae, msishuke kuokota mpira.

Pendekezo kwa vikundi vya likelemba, basi, ni hili: pesa za mzunguko wa kwanza zisinunue chombo. Zinunue jile za watoto 10, saizi zikichanganywa: tatu za chini ya kilo 15, nne za kilo 15 mpaka 30, tatu za juu ya hapo. Zikae kwa mama mmoja, na daftari: nani amechukua, siku gani, zimerudi ngapi. Familia inayokwenda ziwani inatoa kitu kidogo cha kutunza. Zikirudi zioshwe kwa maji safi na zikaushwe kivulini, kwa sababu jua linachosha kitambaa upesi, na zitundikwe juu kwenye misumari. Zikiwekwa chini stoo, panya watakula mikanda.