Sungura wa nyumbani: Mkaguzi wa nyama ni wewe

Mama mmoja mkazi wa Kimumu, Eldoret, alinijia akiwa na mwanawe wa kiume wa miaka tisa. Mikononi na shingoni kijana alikuwa na mabaka ya mviringo yaliyokuwa yakimwasha. Nilipouliza iwapo kuna mnyama nyumbani, mama alijibu kwa wasiwasi kwamba wanafuga sungura nyuma ya nyumba, na mtoto huyo ndiye huwalisha. Kisha akaniuliza: "Sasa daktari, niwaue wote niwatupe? Na ile nyama tuliyokula je?"

Jibu langu lilikuwa la. Mabaka yale yalikuwa choa, ambacho wengi hukiita mashilingi, na huletwa na ukungu wa ngozi. Sungura anaweza kumwambukiza mtu, sawa na paka au ndama, lakini ukungu huo hauli nyama wala hauingii kwenye mchuzi. Nilimpa kijana dawa ya kupaka na kumshauri mama amtenge sungura yeyote aliyenyonyoka manyoya hadi atibiwe.

Hata hivyo, mpenzi msomaji, swali la mama huyo lina uzito. Nyama ya buchani hupitia kwa mkaguzi na kupigwa muhuri. Sungura unayemchinja uani mwako hana mkaguzi mwingine ila wewe.

Faida yake

Tangu zamani, katika maboma mengi nchini sungura alikuwa mradi wa watoto. Leo, Eldoret ikiwa imepewa hadhi ya jiji mwezi wa Agosti 2024, ploti nyingi za Kimumu hazina tena nafasi ya ng'ombe. Sungura hutosheka na kona ya ua.

Gramu 100 za nyama mbichi ya sungura zina takriban gramu 20 za protini, pamoja na vitamini B12, na mafuta yake ni machache. Kwa hiyo inamfaa mtoto anayekua na pia mtu mzima aliyeambiwa apunguze mafuta. Lakini usidanganywe kwamba inatibu kisukari au shinikizo la damu. Usiache tembe zako kwa sababu ya sungura. Mwenye ugonjwa wa jongo, yaani gauti, aile kwa kiasi kama nyama nyingine. Na kwa kuwa ni nyama nyeupe, ina madini ya chuma machache kuliko ya ng'ombe, hivyo aliyepungukiwa damu asiitegemee peke yake.

Sungura jike hubeba mimba kwa takriban siku 31. Tuseme una majike wawili na dume mmoja, kila jike akizaa mara nne kwa mwaka, na watoto watano wa kila uzao wakakua hadi kuchinjwa. Utapata sungura 40 kwa mwaka, yaani watatu kila wiki nne. Wa aina kubwa kama New Zealand White au California akitunzwa vyema hufikisha kilo mbili au zaidi baada ya miezi mitatu au minne, na karibu nusu ya uzito huo ni nyama.

Anza na sufuria yako kabla ya soko. Katika miaka ya 2010 Wakenya wengi walijitosa katika ufugaji huu kwa ahadi za wanunuzi, na wengi wao wakabaki na vizimba vilivyojaa bila mnunuzi. Ukitaka kuuza, nyama ni lazima ikaguliwe. Na kabla ya kuanza, mwulize afisa wa afya ya umma wa eneo lako kuhusu sheria za mifugo mjini, na mwenye nyumba ikiwa umepanga.

Kizimba na lishe

Jenga kizimba cha mbao kilichoinuliwa kama mita moja kutoka ardhini, sakafu yake ikiwa ya wavu ili kinyesi na mkojo vianguke chini. Kila sungura mzima awe na chumba chake, chenye nafasi ya takriban sentimita 90 kwa 60. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na usiku huwa baridi. Ziba upande unaotoka upepo, kwani upepo na unyevu huleta nichomi. Zoa kinyesi mara kwa mara, la sivyo nzi na kuhara vitahamia kwako.

Chakula kikuu kiwe nyasi kavu. Majani mabichi yaanike kivulini hadi yanyauke, maana yenye umande huwafurisha tumbo. Majani ya viazi vitamu ni mazuri, lakini ya mbatata na nyanya yana sumu. Usikate nyasi kando ya shamba la mahindi lililonyunyiziwa dawa. Usiwape mahindi yenye ukungu, kwani sumu yake ya aflatoksini huwadhuru sungura haraka. Paka nao wasilale kwenye lishe. Kinyesi chao huweza kuleta toksoplasma, ambayo ni hatari kwa mja mzito.

Wengine humkataa sungura kwa kuwa hula kinyesi chake. Ni kweli, hasa usiku, hula kile kilaini ili apate vitamini alizokosa kwanza. Ndivyo alivyoumbwa, wala hakumfanyi mchafu. Wanaomkataa kwa sababu ya dini, kama Waadventista wanaofuata Walawi 11:6, waheshimiwe.

Kuchinja na kukagua

Usichinje sungura mgonjwa kwa kuhofia hasara. Anayehara, anayetoka kamasi au aliyekonda ghafla si wa sufuria. Aliyepewa dawa asichinjwe kabla ya muda aliotaja daktari wa mifugo kwisha, usije ukala dawa usiyoandikiwa.

Mnyime chakula kwa saa 12, lakini mpe maji. Wengi humpiga pigo moja thabiti nyuma ya masikio azirai, kisha humkata shingo. Mwislamu atamchinja kwa kisu kikali kwa kufuata sheria ya dini yake. Mning'inize kwa miguu ya nyuma damu itoke. Kata ngozi kuzunguka vifundo na uivute kuelekea chini kama soksi. Pasua tumbo polepole usitoboe utumbo, kibofu wala nyongo. Vaa glavu, hasa ukiwa na kidonda. Ukijikata, osha kwa maji na sabuni, kisha uende kituo cha afya kuuliza kuhusu chanjo ya pepopunda.

Sasa kagua. Ini liwe jekundu lililokolea na laini. Madoa meupe juu yake mara nyingi ni ya koksidia. Hawa hawamshiki binadamu, lakini ini hilo litupe. Vifuko vidogo vyenye maji tumboni ni vya tegu wa mbwa. Navyo havikudhuru wewe, ila usimtupie mbwa matumbo mabichi, maana utakuwa unaendeleza mzunguko huo. Ukiona usaha, nyama ya manjano au harufu mbaya, zika mnyama mzima katika shimo refu.

Jikoni

Iache nyama iliyooshwa kwenye friji au mahali baridi kwa saa kadhaa, ipate kulegea. Kisu na ubao ulioukatia nyama usivitumie kukatia kachumbari kabla ya kuviosha kwa sabuni.

Kaanga vitunguu kwa mafuta kidogo, tia nyama, nyanya, hoho na dania, ongeza maji na ufunike. Katika mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, kwa hiyo nyama huchelewa kuiva kuliko Mombasa. Ipe saa moja na nusu kwa moto mdogo. Imeiva ikiwa inaachana na mfupa na haina wekundu ndani. Mifupa yake ni midogo na yenye ncha, basi mchambulie mtoto mdogo nyama kabla ya kumpa.

Nikirudi kwa kijana wangu, alipaka dawa kwa wiki nne na ngozi ikapona. Lakini siku ile ya kwanza, mama alipokuwa akiuliza habari za kuua na kutupa, yeye alikuwa na swali moja tu: je, ataruhusiwa kuendelea kuwalisha sungura wake? Nilimwambia ndiyo, mradi asimguse aliyetengwa, na kila atokapo kizimbani anawe mikono kwa sabuni.