Fulana ya bure, nani kalipa?

Msomaji wangu, hebu fungua kabati lako. Naapa humo ndani hakosi mtu anayetabasamu kifuani mwa fulana, na jina la jimbo chini yake. Siku hizi unalalia, au mdogo wako anapigia deki. Uliipata bure, ukashukuru. Swali langu la wiki hii ni dogo tu: nani kalipa?

Kampeni za mwisho nilimuuliza mpambe mmoja aliyekuwa anagawa mitaani kwetu. "Kaka, hizi zote kazinunua nani?" Akanicheka. "Dada'angu, we vaa tu, mengine ya wakubwa."

Ya wakubwa kweli. Fulana maelfu, kofia, khanga za akina mama, mafuta ya bodaboda, spika za muziki na ubwabwa wa wajumbe havishuki toka mbinguni. Mgombea wa kipato cha kawaida haviwezi. Hapo ndipo anapotokea "rafiki". Rafiki ana kampuni ya ujenzi, au ana mgodi, au anaingiza sukari. Anatoa mshiko kimya kimya, wala hadai risiti. Siku muswada unaogusa biashara yake ukitua Dodoma, simu ya mheshimiwa inaita. Wewe ulimpa kura moja, mwenzako alimpa kampeni nzima. Niambie sasa, ataanza kupokea simu ya nani?

Nchi hii mambo hayo yaliwahi kupewa mpaka jina tamu. Mwaka 2000 Bunge liliibadili Sheria ya Uchaguzi, ikazaliwa takrima. Yaani mgombea akikukirimu kwa nia njema, kwa mila zetu za ukarimu, basi hiyo si rushwa. Watu wazima na akili zao walikaa wakapitisha! Ukarimu gani unaokuja mara moja kila miaka mitano, tena na spika juu ya gari? Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao wawili wakaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 takrima ikafutwa. Majaji waliona kwamba inabagua: mgombea mwenye nazo anakirimu, kapuku anabaki kupiga miayo. Hukumu safi sana ile.

Ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, ambayo Rais Kikwete aliisaini Machi 2010. Ikaweka ukomo wa matumizi, ikataka na michango itangazwe kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Kwenye karatasi inapendeza. Ila hesabu kamili za nani katumia nini zilipangwa kupelekwa baada ya uchaguzi, mheshimiwa keshaapa na keshazoea kiti. Na kwenye kura za maoni mambo yakabaki yale yale. Ule msemo wa "wajumbe si watu" uliovuma 2020 sote tuliucheka, lakini jiulize mtu anamlalamikia mjumbe kwa uchungu wote ule kwa sababu gani.

Tena deni haliishii kwenye kampeni. Julai 2011, nchi ikiwa kwenye mgawo wa umeme, mbunge wa Kilindi, marehemu Beatrice Shellukindo, alisimama bungeni na barua mkononi. Ilitoka kwa katibu mkuu wa Wizara ya Nishati na Madini, ikizitaka taasisi za wizara zichange shilingi milioni 50 kila moja ili kufanikisha bajeti. Bajeti inangoja kura za wabunge, na huku kapu linapitishwa! Serikali ikasema uchunguzi wa Mkaguzi Mkuu haukuona kosa la nidhamu, wabunge wakachachamaa, ikabidi iundwe kamati teule.

Halafu 2014 ikalipuka Escrow. Mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti ya Bunge, Andrew Chenge, ilibainika aliingiziwa shilingi bilioni 1.6. William Ngeleja, naye mwenyekiti wa kamati na waziri wa zamani wa nishati, milioni 40.4. Ngeleja alisema alipewa kama msaada, na Julai 2017 akazirudisha serikalini. Sasa cheka kidogo: Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 ilitaka kiongozi aitamke zawadi ikizidi shilingi elfu 50. Elfu hamsini!

Watu wanaopenda vitisho husema dawa ni jela. Mimi naona jela inakuja mwishoni, wakati fedha zimeshafanya kazi yake. Marekani, pamoja na jinsi pesa inavyowaendesha wanasiasa wao, mgombea wa Bunge la nchi nzima anatakiwa amtaje kwa jina kila aliyemchangia zaidi ya dola 200, na kuna ripoti inayotoka kabla ya siku ya kura. Mpiga kura anaingia kituoni anajua nani ni rafiki wa nani.

Hapa kwetu ningetaka orodha hiyo ibandikwe ofisi ya kata wiki mbili kabla ya kura, pale pale yanapobandikwa majina ya wapiga kura. Jina la rafiki, kampuni yake, na kiasi alichotoa. Fulana zenyewe waendelee kugawa tu, deki bado ipo.